Mkunga ninayeipenda leba, nimeitwa kampuni ya dawa kwa milioni mbili na nusu

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 34, mkunga. Nina shahada ya uuguzi na nimeajiriwa na hospitali ya dini wilayani, mkoa wa Tanga. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapo. Mwajiri wangu ni hospitali yenyewe, si serikali, na zamu zangu karibu zote ni wodi ya wazazi, hasa leba.

Mama, kazi hii naipenda. Ziko zile saa za alfajiri mzazi amechoka, anasema hawezi tena, amenishika mkono mpaka kucha zinaniingia, halafu baada ya muda mfupi mtoto yuko kifuani mwake na yeye ananitazama kwa aibu, anacheka. Yuko mtoto anayezaliwa hapumui. Unamkausha, unamsugua mgongo, unashika ambu ya kumpulizia hewa, chumba kizima kimya, na akilia hata mama wa usafi anapiga kigelegele mlangoni. Sokoni simalizi safu moja ya nyanya bila kuitwa: "Nesi, huyu ndiye yule uliyenizalisha." Mtaani kwetu wapo mabinti wenye jina langu.

Shida ni hii. Mshahara wangu ni shilingi 890,000. Ikishakatwa NSSF, kodi, bima na mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, nashika kama 560,000. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, na sehemu kubwa ya mshahara wake inabaki benki kwa mkopo tuliochukua kujenga. Nyumba imefika kwenye lenta, imesimama. Tuna watoto wawili, mkubwa darasa la tatu, mdogo ana miaka mitatu. Mama yangu ana kisukari na miguu imeanza kumsumbua. Kila mwezi ni kliniki hospitali ya Bombo, nauli, na dawa zisizopatikana dirishani tunazinunua nje. Mdogo wangu wa mwisho yuko chuo na mkopo aliopewa hautoshi. Kikoba wananidai.

Hivi karibuni rafiki niliyesoma naye aliniunganisha na kampuni ya dawa. Yeye ni mwakilishi wa dawa, wale wanaozunguka hospitalini na begi la sampuli na kalenda za ukutani. Walikuwa wanatafuta mtu wa Kanda ya Kaskazini anayeijua wodi ya wazazi. Nilikwenda Dar kwenye usaili, wakanipenda. Wamesema milioni mbili na nusu kwa mwezi, gari, mafuta, simu, na kamisheni nikivuka malengo ya mauzo. Kituo ni Arusha. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaweza kuongezwa, na miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mama yangu anasema kazi ya Mungu haiachwi kwa ajili ya hela. Matroni kanusa habari, kaniambia uuguzi ni wito, na wanaokimbilia hela hurudi wanalia. Mdogo wangu anashangaa nasubiri nini. Mume wangu alisema, "Uamuzi ni wako, mimi sitakuzuia." Tangu siku hiyo hajaligusa tena jambo hili. Mazungumzo yakielekea huko, anatoka kwenda kumwagilia mchicha.

Nikifikiria kukubali, naona nawauza akina mama. Usiku tuko wakunga wawili tu, nikiondoka atabaki mmoja na wodi nzima. Kuna zamu glovu zilikwisha nikamtuma kijana duka la dawa kwa hela yangu. Nani atafanya hivyo nisipokuwepo? Nikifikiria kukataa, naiona miguu ya mama yangu. Siku hizi nikitoka zamu nakaa jikoni na viatu miguuni, sina nguvu ya kuvivua. Niambie, nifuate moyo au nifuate hela?

Mkunga, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu, na poleni na majukumu.

Ngoja nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekuelewa. Una kazi inayokupa heshima na furaha ambayo watu wengi wanastaafu bila kuionja. Kazi hiyo hailipii nyumba, mama, watoto, mdogo wako na kikoba. Imekuja kazi nyingine yenye fedha, lakini iko mbali na watoto na mbali na leba. Na watu wanaokuzunguka kila mmoja amekuambia neno lake, isipokuwa yule ambaye neno lake lingekusaidia zaidi. Yeye ameshika ndoo ya mchicha.

Swali lako la mwisho umeliuliza kana kwamba moyo uko upande mmoja na hela upande wa pili. Sina hakika kama vimegawanyika hivyo. Moyo wako uko leba, sawa. Lakini moyo huohuo ndio unaoiona miguu ya mama yako. Kutaka fedha ya kumtibu mzazi na kumalizia nyumba si tamaa, na hakuna haja ya kuingia kwenye uamuzi huu ukiwa umeinamisha kichwa kama mtuhumiwa.

Nianze na hesabu, maana umenitajia mshahara wa huku na wa kule, ila namba moja haimo kwenye barua yako yote: nyumba yako inahitaji shilingi ngapi kwa mwezi ili wewe ulale? Sijui kama mmewahi kukaa wawili na daftari mkaiandika. Bila namba hiyo, milioni mbili na nusu itaonekana kubwa kila ukiitazama, na 890,000 itaonekana ndogo kila ukiitazama, na hutajua kama pengo lako ni la laki mbili au la milioni.

Halafu ile milioni mbili na nusu uikate mwenyewe kabla hawajakukatia. NSSF asilimia 10 ni 250,000. Inabaki 2,250,000 ya kutozwa kodi, na kwa viwango vya kodi ya mshahara, kinachozidi milioni moja kinatozwa asilimia 30, kwa hiyo kodi yote inafika 503,000. Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 375,000. Kinachobaki ni 1,372,000, na bima kama wanakata haijaguswa. Bado ni zaidi ya mara mbili ya unachoshika sasa, na ni haki kusema kwamba deni la Bodi litaisha mapema zaidi na akiba yako NSSF itakua haraka. Lakini pengo la kweli mkononi ni kama laki nane. Toa humo chumba cha Arusha, chakula cha mtu anayeishi peke yake, nauli za kuja kuwaona watoto, na msichana wa kazi wa kukaa na wa miaka mitatu. Jaza wewe bei, unazijua kuliko mimi. Kitakachobaki hapo ndicho unachoamulia.

Na hapo nimekubali kwamba milioni mbili na nusu yote ni mshahara wa msingi. Je, ni hivyo? Kazi za mauzo mara nyingi hutaja jumla inayopendeza, kumbe humo mna posho, au mna kamisheni ya mtu aliyefikisha malengo. Waulize kwa maandishi: msingi ni kiasi gani, malengo ni yapi, nani anayapanga, na mtu wa mwisho kushika kanda hiyo aliyafikia mara ngapi. Waulize pia aliondoka kwa nini. Usione haya. Wanaokupa gari la kuuzia dawa wanatarajia mtu anayejua kuuliza bei.

Uliza na bima. Mama yako sasa hivi yumo kwenye kadi ya nani? Bima za makampuni nyingine hubeba mfanyakazi, mwenza na watoto, mzazi akaachwa nje. Ikiwa Bombo anatibiwa kwa kadi inayopitia ajira yako ya sasa, basi kabla hujaihesabu fedha mpya kama ya mama, angalia kama hujamwondolea mama bima ili umlipie taslimu.

Kuna jambo la mkataba pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu ya haki, lakini kinga hiyo haimhusu aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Miezi yako ya majaribio ndiyo hiyohiyo. Huku hospitalini una miaka inayokaribia tisa. Ukiondoka kwa hiari, kile kiinua mgongo cha sheria cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka hukidai, maana hicho ni cha anayeachishwa na mwajiri. Soma mkataba wako wa sasa, huenda hospitali ina utaratibu wake mzuri zaidi. Sikutishi. Watu wengi wamevuka miezi sita na wamejenga. Nataka tu uivuke ukijua kina chake, na ikiwezekana uwe na akiba ya miezi mitatu kabla hujakabidhi funguo za kabati la dawa.

Sasa nirudi kwenye viatu.

Umelitaja jambo hilo kwa sentensi moja kisha ukalipita, lakini mimi limenikaa. Mtu anayeipenda kazi yake na anakosa nguvu ya kuvua viatu anahitaji kujiuliza anachokimbia ni nini. Jaribu maswali haya mawili ukiwa peke yako. La kwanza: kama hospitali ingeajiri wakunga wawili zaidi, glovu zikawepo, na mshahara ukabaki uleule, je, ungepanda basi kwenda Dar kwenye usaili? La pili: kama kampuni ingekupa 890,000 zilezile, lakini usiku unalala kitandani kwako, je, ungeshawishika hata kidogo? Majibu yake yatakuonyesha kama kinachokusukuma ni njaa ya fedha au ni uchovu. Vyote viwili ni vya kweli, ila dawa zake ni tofauti. Uchovu unaweza kutibiwa kwa kuhamishwa kliniki ya wajawazito kwa miezi michache, au kwa likizo yako ya mwaka uliyoiahirisha. Umeiahirisha? Nakisia tu, nawajua wakunga. Fedha haitibiwi kwa likizo.

Kuhusu wito, niseme kidogo, maana neno la matroni limekuuma. Simlaumu. Naye amebaki na ratiba ya zamu isiyojaa. Lakini wauguzi wameambiwa habari ya wito kila walipouliza habari ya posho, na duka la dawa halipokei wito kwenye malipo ya glovu. Unaweza kuwa na wito na ukadai kulipwa. Tena unaweza kuwa na wito ukaondoka, ukabaki na wito wako.

Ama hilo la kuwauza akina mama, hapa nitakubishia kwa upole. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Kushuka huko ni mikono mingi: wakunga, madaktari wa upasuaji, madereva wa ambulansi, watoa damu, wanaopeleka dawa mpaka zahanati ya mwisho. Mkono wako umo, na ninajua mzazi anayetokwa damu saa nane usiku hahitaji takwimu, anahitaji mkunga aliye macho. Lakini wodi yenye wakunga wawili usiku ni jukumu la uongozi wa hospitali. Umelibeba begani mwako mpaka umeamini ni lako. Ukibaki, bado wodi ina watu wawili. Kama utabaki, usibaki kwa sababu hiyo peke yake, maana itakumaliza.

Upande wa pili nao usiuchore vibaya mno. Hufikirii kwenda kuuza sumu. Mtu aliyewahi kusimama leba anajua kwa nini oksitosini, ile sindano ya kuzuia mzazi asitokwe damu, inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, na anajua kinachotokea sindano ikikaa kwenye joto muda mrefu ikapoteza nguvu bila mtu kugundua. Mwakilishi wa namna hiyo akiingia kituo cha afya huko Kilindi au Simanjiro anaweza kusaidia zaidi ya kuacha kalenda. Ila pia ipo siku utaambiwa umshawishi daktari aandike dawa ya bei ghali wakati ya kawaida inatosha, na zipo zawadi zinazopita chini ya meza. Muulize rafiki yako, si mbele ya bosi wake, jinsi siku hizo zilivyo na yeye hufanyaje. Muulize na kama anaikumbuka wodi.

Leseni yako, vyovyote itakavyokuwa, usiiache ife. Endelea kuihuisha kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga na ufuatilie mafunzo endelevu, hata ukiwa na gari la kampuni. Mkono wa ukunga husahau, na wakikuhitaji tena watauliza umekaa nje muda gani.

Kati ya Arusha na kubaki kama ulivyo kuna njia nyingine ambazo barua yako haikuzigusa. Hospitali yako inajua rasmi kwamba umepata ofa? Simaanishi uwatishie. Naamini mtu aliyewatumikia karibu miaka tisa anaweza kuomba kikao na katibu wa hospitali, akaeleza kwa maandishi anachohitaji ili abaki: posho ya usiku, cheo cha msimamizi wa wodi, zamu zinazopangika. Hatari yake ni kwamba ukikataliwa, watajua moyo wako uko mlangoni. Unaweza pia kuomba likizo bila malipo ya miezi sita ili uijaribu kazi mpya, na kama utaratibu wao unairuhusu, hiyo inakupa pa kurudi. Ziko ajira za serikali zinazotangazwa kwa wauguzi, ziko nafasi za ukufunzi kwenye vyuo vya uuguzi, na miradi ya afya ya uzazi huhitaji wakunga wazoefu wa kufundisha wenzao vituoni. Hakuna hata moja itakayokulipa milioni mbili na nusu kesho asubuhi, na nyingine zinachukua muda mrefu wa kusubiri simu isiyolia. Wenzako wengine hufanya zamu za ziada hospitali binafsi. Kwa hali ya miguu yako hiyo ndani ya viatu, hiyo ndiyo njia ninayoiogopa zaidi.

Nimemwacha mume wako mpaka hapa kwa makusudi.

"Uamuzi ni wako" inaweza kuwa heshima kubwa. Inaweza pia kuwa mwanamume aliyekwisha piga hesabu kimya kimya, akaona mke atashika fedha kuliko yeye, atalala Arusha, na yeye atabaki na watoto na lenta, na hajui aanzie wapi kusema bila kuonekana ana wivu. Mimi siyajui ya ndani kwake. Wewe pia, kwa ulivyoandika, huyajui, unayakisia. Usimuulize tena kama anakubali au anakataa, atakujibu vilevile. Muulize mambo ya Jumatano: nani anamwamsha mkubwa, nani yuko nyumbani mdogo akipata homa usiku, nani anampeleka mama Bombo siku ambayo yeye yuko darasani. Muulize kama angependa kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Utaratibu huo upo kwa watumishi, ingawa unaweza kuchukua muda, na mkataba wako wa mwaka mmoja unaweza kuisha kabla barua yake haijatoka. Muulize, hela hiyo ikija, ingeanza na nini: mkopo wa benki, au bati? Mkifika kwenye bati mtajikuta mnazungumza kweli.

Mdogo wako wa chuo naye apewe nafasi kwenye daftari. Anataka ukubali, na ni haki yake kutamani, lakini masomo yake yana mwisho, na mkataba wako ukigeuza maisha ya watoto wako ni vizuri ajue mchango huo unakoma lini. Mwambie mapema, kwa upendo.

Mama yako nilimweka mwisho kwa sababu yeye ni mgonjwa na pia ni mshauri, na vyeo hivyo viwili vimegongana. Anasema usiiache kazi ya Mungu. Je, anajua dawa zake zinanunuliwa kwa mkopo wa kikoba? Wazazi wetu wengi hatuwaambii, tukidhani tunawastahi. Huenda akijua, maneno yake yatakuwa mengine, huenda yakabaki yaleyale. Vyovyote vile, atakuwa anakushauri wewe uliye kweli.

Kuhusu mwisho wa mwezi: waandikie wakuongezee wiki mbili, na uombe rasimu ya mkataba kabla ya kutoa jibu. Wakikataa kukuonyesha karatasi kabla ya kusema ndiyo, hilo nalo ni jibu la kuwapima. Wakikuletea, usisaini siku hiyo. Mpelekee mtu anayesoma mikataba, hata kama ni ofisa wa chama cha wafanyakazi au ofisa kazi wa mkoa pale Tanga, aangalie kifungu cha majaribio, cha malengo, na cha gari likipata ajali analipa nani.

Na leo ukitoka zamu, yule wa darasa la tatu anaweza kukuvua viatu. Mwombe. Kisha lala, daftari mtalifungua Jumamosi.